Kiungo cha Injinia

Katika jiko la zahanati moja ya Ndhiwa palikuwa na makopo mawili ya mafuta ya kupikia, na kama kawaida ya makopo hayo, hakuna lililokuwa na mafuta. La kwanza lilikuwa la Sister Pamela, nesi ambaye kwa mshahara uleule ni mpishi na mfagizi. Ndani mlikuwa na bala, magadi ya kulainishia mboga. La pili alilileta Injinia Zadock, likiwa na chumvi ya seriamu, kemikali ya mtambo wake wa umeme, nyeupe vilevile.

"Injinia, si uandike jina?"

"Sister, nina digrii mbili. Nitashindwa na makopo?"

Haya. Digrii mbili, makopo mawili.

Mtambo wake ulifua umeme kwa gesi ya samadi, bila moshi wala kelele. Ila kathodi, ule upande wa kauri unaovuta hewa, ilikuwa vivu kupindukia. Dawa yake ni kiungo: unayeyusha chumvi ya seriamu, unaidondoshea kauri, unaioka, na chembe zinazobaki zinaiamsha. Zadock aliidondosha jana, akaioka huku akipiga mluzi. Wakubwa wa kaunti wakiridhika, mtambo ungebaki kuendesha friji ya chanjo. Wasiporidhika, ungerudi Homa Bay, na Pamela angebaki na stima inayokimbia mvua. Alishamwaga chanjo za watoto mara mbili kwa sababu hiyo, na mara zote alilia.

Wageni wakafika. Zadock akahutubu mpaka mmoja akasinzia. Friji ikachomekwa, taa ikawaka, makofi yakapigwa. Pamela akatokea jikoni uso umemshuka.

"Chakula bado. Kunde zimekataa kuiva tangu asubuhi."

"Hata kunde, Sister?" Zadock akacheka, wageni nao wakacheka. "Kwani umetia nini?"

"Bala tu. Kijiko kizima."

Taa ya friji ikafifia. Ikazimika.

Zadock akaacha kucheka, akageuka kutazama jikoni. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto.

"Na hicho kiungo," mgeni mmoja akauliza kwa upole, "kinaitwaje?"

Pamela alimwaga sufuria nzima shimoni, akarudi kupanga chanjo kwenye kisanduku cha barafu. Safari hii hakulia. Alichomoa kalamu mfukoni mwa Zadock, akaandika BALA kwenye kopo alilolitumia Zadock jana, akamkabidhi.

"Shika, Injinia. Usije ukaenda Homa Bay ukasahau kiungo chako."