Herufi Iliyokwama kwenye Kifungu cha Tisa

Walimwita Nukta, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchapaji wa wakili mmoja, ofisi ya ghorofani juu ya duka la viatu, na sifa zake zilikuwa zimeshavuka mipaka ya akili. Ilisemekana aliwahi kuchapa wosia mzima huku anapiga chafya, na kila chafya ikaangukia palipotakiwa mkato. Ilisemekana hata nzi akitaka kutua kwenye karatasi yake, huomba ruhusa kwanza. Nukta hakuzikanusha habari hizo. Nyingine alizitunga mwenyewe.

Ndiyo maana kitufe cha H kilipoanza kugoma, hakumwambia mtu.

Ilikuwa siku ambayo kampuni ya kasino ilikuwa inakodi ukumbi wa zamani wa sinema. Kipande cha biskuti kilikuwa kimedondoka kwenye kibodi, kikajisweka chini ya H kama mgeni asiyejua kuaga. Ukibonyeza, mara inatoka, mara haitoki. Na siku yenyewe haikuwa na subira: watu wa kasino walipiga simu kila baada ya dakika chache, badilisha hiki, ongeza kile. Paa litatengenezwa na nani? Leseni itatundikwa wapi? Choo cha nyuma ni cha nani? Nukta akachapa mbio mbio, kisha akarudi mwanzo kuzisaka H zilizopotea, moja moja, kama anayechambua mchele. "Aki za mpangaji" ilimpigia kelele, akaitengeneza. "Ati ya umiliki" nayo ikajisema yenyewe. "Kuama" vilevile.

Lakini lipo neno moja ambalo ukilipokonya H yake halilalamiki. Linabaki neno zima, safi, limekunja nne kama mwenye nyumba.

Wakili alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Mpangaji hatawaachisha kazi wafanyakazi waliopo bila kibali cha mwenye jengo." Kwenye printa likatoka: "Mpangaji atawaachisha kazi wafanyakazi waliopo bila kibali cha mwenye jengo."

Nukta aliliona. Hapo ndipo dhambi yake ilipo, na hakuna pengine. Aliliona mezani, mhuri ukiwa mkononi, soda zimeshafunguliwa, meneja wa kasino wa wakati ule keshatoa kalamu. Angesema neno moja tu: "Ngojeni." Lakini angelisema mbele ya watu wote, mtu ambaye nzi humwomba ruhusa. Akajiambia: kila mtu anajua kilichokusudiwa. Akagonga mhuri. Uligonga vizuri sana, mviringo kamili.

Miezi minane ikapita salama, mpaka Jumamosi moja alipokuwa anakula kwa shemeji yake.

Shemeji huyu, kaka wa mkewe, alikuwa fundi umeme wa ukumbi ule tangu enzi za sinema. Alijua kila waya ulipoanzia na ulipoishia, na taa zilizowaka bila yeye kuwepo alizihesabu kuwa zimemkosea adabu. Kwa Nukta hakuwa na simile.

"Ongeza mchuzi, mume wa dada. Ukikonda watasema tulikupa mwanamke asiyejua kupika."

"Hajui."

"Tunajua. Ndiyo maana tulikupa wewe." Akacheka peke yake, halafu akatoa bahasha mfukoni na sauti ikabadilika. "Nisomee hii, shemeji. Nimeisoma mara nne, nadhani macho yangu yamechoka."

Ilikuwa barua kutoka kwa meneja mpya wa kasino. Wafanyakazi wote kumi na mmoja waliokutwa jengoni, wafagiaji, walinzi, mama wa vyumba vya kubadilishia nguo na fundi umeme, kazi zao zingekoma mwisho wa mwezi. Kwa mujibu wa mkataba wa pango, kifungu cha tisa.

Nukta akarudisha tonge sahanini.

"Yule mama mwenye jengo katuuza," shemeji akasema. "Alituambia kwa kinywa chake, nimewawekea kinga, hakuna atakayewagusa. Kumbe kaandika watufukuze! Jana kanisalimia njiani, nikaangalia ukuta. Wote tumekubaliana, salamu yake haiitikiwi."

"Labda..." Nukta akaanza.

"Labda nini?"

"Labda alisahau."

"Acha kumtetea. Mkataba si uliuchapa wewe? Basi maneno ni yake. Wewe hukosei."

Wiki ile Nukta hakulala, hakula, na akivaa viatu alivibadilisha mguu. Alimwona mwenye jengo sokoni akiulizia nyanya, na mke wa mlinzi akamgeuzia mgongo. Mama yule alibaki ameshika nyanya yake, haelewi kosa lake ni lipi. Nukta akajificha nyuma ya magunia ya viazi. Mtu wa miaka sitini, nyuma ya viazi!

Siku ya tano mwenye jengo akaitisha kikao ofisini kwa wakili. Nukta akaambiwa alete jalada. Akalifungua peke yake kwenye chumba cha makaratasi, akaiona rasimu ile ya mkono, H imesimama wima kama ngazi. Akaitoa. Akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Hakujua anaitoa ili aionyeshe au ili aipoteze. Nasema hivyo kumpendelea. Alijua.

Kikaoni walikaa watano: wakili, mwenye jengo, meneja mpya, shemeji kwa niaba ya wenzake, na Nukta pembeni kwenye kigoda cha mchapaji.

"Mimi nilisema wasiguswe," mwenye jengo akasema. "Nilisema wazi. Nitawafukuzaje watu niliozeeka nao?"

"Mama, sikatai ulisema," meneja akajibu kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. "Lakini saini yako iko chini ya maneno haya."

Wakili akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Siku ile vifungu vinne vilibadilishwa kwa simu. Sikumbuki kama hiki kilikuwemo. Tutazame rasimu." Akapekua jalada mwanzo hadi mwisho. "Nukta, rasimu iko wapi?"

"Sijaiona, mheshimiwa."

Koti likawa zito kama limetiwa mawe.

"Basi tumebaki na hii iliyosainiwa," meneja akasema. "Huenda walikubaliana kwa simu, huenda mchapaji alikosea. Nani ajuaye?"

Shemeji akaruka kitini. "Ndugu meneja, hapo kwa mchapaji usipite! Nimekuja hapa kugombana na huyu mama, sikuja kusikia shemeji yangu anasingiziwa. Huyu huona nukta iliyokaa upande kwenye gazeti la mwaka juzi. Kosa lingekuwepo, angelisema. Kuhusu kazi yangu, nifukuze. Yeye muache."

Hayo ndiyo yaliyomvunja Nukta. Angetukanwa, angevumilia. Akaingiza mkono kwenye koti, akaifungua ile karatasi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja.

"Hakuna simu iliyogusa kifungu cha tisa," akasema. "Simu zote nilipokea mimi. Kitufe cha H kilikuwa kibovu."

Wakili akaisoma, akakohoa. Meneja akaivuta kwake, akailinganisha na mkataba herufi kwa herufi.

"Na kosa umeligundua lini?" akauliza. "Leo?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Leo. Neno fupi.

"Siku ya kusaini. Kabla ya kalamu. Niliona haya kuwasimamisha."

Chini, dukani, mtu alikuwa anajaribu viatu, anatembea huku na huko.

Meneja akaandika mistari michache pembezoni mwa mkataba, akasaini, akamsogezea mwenye jengo naye asaini. Barua kumi na moja zimefutwa, akasema. Ofisi yake ingeleta karatasi rasmi kesho. Wakili akamwambia Nukta aache funguo mezani, bila kumtazama. Mwenye jengo akainuka, akamsubiri shemeji amsalimu. Shemeji akamwinamia, akasema shikamoo mara mbili, ya pili kwa sauti ya chini mno.

Nukta akamfuata shemeji ngazini.

"Jumamosi umekula kwangu," shemeji akasema bila kugeuka. "Ulinisomea ile barua."

"Ndiyo."

"Nisingekutetea, ungesema?"

Nukta alikuwa na majibu matatu mazuri, yote yamepangika. Akayaacha.

"Sijui, shemeji."

Shemeji akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeupata waya mbovu na hataki kuushika kwanza. "Msalimie dada," akasema, akateremka, akashika njia ya ukumbini. Nukta alibaki pale ngazini muda mrefu, mikono mitupu, watu wa duka la viatu wakimpisha wakidhani ni mteja.