Majogoo Wasiowika

Kila kifaranga alikaa mkononi mwa Mama Jicho kwa muda wa kupepesa macho. Alimkunjua bawa chini ya taa, akatazama manyoya ya ncha. Yakipishana, marefu kwa mafupi, ni jike, anaingia kwenye kreti. Yakilingana, ni dume, anaingia kwenye pipa la buluu, na chini ya pipa kuna kinu cha kuwasaga. Dume hatagi, na kuku wa mbegu ile hanenepi hata afae kwa nyama. Kwa miaka kumi na miwili mkono wake haukukosea, ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Jicho.

Madume walianza kumfuata nyumbani mwaka wa pili. Aliyeingia pipani Jumatatu, Jumanne alfajiri yuko uani, jogoo kamili mwenye kilemba chekundu. Hawakula, hawakuwika. Walijaa uani, wakapanda ukuta, wakafika barabarani, wote wakimtazama. Jirani alilalamika mara moja tu, kwamba hana pa kuanikia nguo, naye akanunuliwa kamba ndefu zaidi. Mama Jicho alisema kazi ni kazi, akapita katikati yao na mkoba wake kama mtu apitaye sokoni.

Haya ilimfika Alhamisi moja, alipoona jike kati yao. Alikumbuka mara moja. Jana yake mpima uzito wa kiwandani alimtania kwamba siku akifa atazikwa na taa yake. Akacheka, na mkono ukacheka naye, ukamtupa jike pipani. Alimfunika yule jike kwa tenga, akakaa juu yake.

Jumamosi msimamizi wa kiwanda alikuwa aje kwa habari ya binti wa Mama Jicho, aliyemaliza masomo na kutafuta kazi miaka mitatu mpaka soli zikaisha. Kiti cha pili chini ya taa kilikuwa wazi, lakini kilipewa tu mtoto wa mwenye mkono usiokosea.

Msimamizi alifika, akiwasogeza majogoo kwa kiatu na kuwaomba radhi.

"Nipisheni kidogo, wazee."

Akapewa kiti. Mama Jicho akabaki juu ya tenga. Msimamizi alikuwa akiusifu mkono wake, aliosema hauna mfano, ndipo chini ya tenga kuku akatetea, kama atetevyo kuku aliyekwisha kutaga. Uani pale hapakuwahi kusikika sauti ya kuku.

"Mama, hebu inuka," alisema msimamizi.

Aliinuka, mtandio usoni, akalifunua tenga. Jike alikuwa juu ya yai lenye joto.

"Nilicheka, bosi. Nilicheka tu. Mtoto asibebe dhambi yangu."

Msimamizi aliliinua yai juani, akaligeuza.

"Mmoja, kwa miaka yote hii? Huyu tumekusamehe. Binti aanze Jumatatu."

Mama Jicho alilia kwa haya na kwa shukrani. Bintiye, aliyeshika birika, hakumimina chai.

"Na hawa wengine je?"

Msimamizi alitazama uani, ukutani, barabarani, kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Hawa? Hawa si makosa, mwanangu. Hawa walitazamwa sawasawa."

Machozi ya Mama Jicho yakakauka, lakini haya haikuondoka, na haikuwa tena ya yule jike. Alitafuta pa kuweka macho pasipo jogoo anayemtazama. Akaishia kutazama yai, mkononi mwa msimamizi, mpaka bosi alipoondoka nalo.

Jumatatu mama na binti waliketi bega kwa bega chini ya taa mbili. Binti alikuwa na mkono mwepesi. Kufika adhuhuri hakuhitaji tena kusahihishwa.

Jumanne alfajiri iliwabidi wausukume mlango wakiwa wawili. Majogoo wa mama walikuwa wamesimama kulia, wa binti kushoto, wamemwacha jike katikati.

"Samahani," binti aliwaambia, akitafuta pa kukanyaga.

Mama Jicho akautafuta usemi wake wa kazi ni kazi, asiupate. Akamshika mwanawe mkono, wakapita, maana gari la kiwanda halisubiri mtu.