Tatizo ni Milima

...tatizo ni milima, mwalimu, marehemu hawana neno, ndivyo alivyosema Bwana Erasto, karani wa kukagua maandishi ya wakimbizi, na sasa Calixte alikuwa kwenye benchi la ofisi ile nyuma ya soko la Mwanga, daftari magotini, kalamu mkononi, akiyatazama majina mia mbili na kumi na mawili ya watu waliokufa Burundi, kila jina na mlima wake, maana kwao mlima ndio kijiji, Nduwayo wa Gasenyi, Nduwayo wa Kivoga, Nduwayo wa Nyarubanga, akijiuliza ni lini hasa mlima uliwahi kuchukua kadi ya chama cha siasa, kwa maana mwongozo uliobandikwa ukutani ulisema maandishi ya mkimbizi yatakayodurufiwa yasitaje mahali pa asili, yasije yakachochea, na Bwana Erasto, mtu mpole, Muha wa Kidahwe, besi wa kwaya, alikuwa amemsomea kifungu hicho mara mbili kwa sauti ya mtu anayesoma somo la pili kanisani, kisha akairudia chai yake. Futa milima nipige muhuri, dakika tano tu. Dakika tano... miezi saba alikuwa akiyaandika, jina moja Salamu Maria moja, hakuna jina lililoshuka kwenye karatasi kabla sala haijaisha, na mtu akimwita katikati anaanza upya, maana tangu mwaka wa tisini na tatu kinywa chake kilisali mbele ya watu tu, yeye katekista akiongoza rozari kambini kama mtu anayeendesha baiskeli ya kuazima, na akibaki peke yake kinywa hakifunguki, ni kalamu tu iliyokuwa bado inajua kupiga magoti... na sasa kalamu hiyo hiyo ifute. Huko parokiani Melania, mpiga chapa, alikuwa amekwisha kuweka stensili kwenye taipureta, anangoja, na bila muhuri hathubutu kugusa hata herufi moja, na kibali cha Calixte cha kutoka kambini kinakufa leo saa kumi na mbili, na Jumatatu ndiyo tarehe mbili Novemba, kumbukumbu ya marehemu wote, kila familia imeahidiwa karatasi yake isimame mbele ya altare isome watu wake. Asubuhi fomu ilikuwa imeuliza mpokeaji wa maandishi, akasema ni Mungu, Bwana Erasto akaandika Mungu, kwa mwandiko mzuri kabisa, fomu ikauliza anuani, Bwana Erasto akapiga kistari, na kwenye cheo cha mpokeaji nako akapiga kistari, asije akakosea... Mungu anawajua hata bila milima, alikuwa amemwambia, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu lilikuwa jibu sahihi, yeye mwenyewe huwafundisha watoto kila Jumamosi, lakini mbona kadi yake ya chakula ina kanda C, bloku tisa, nyumba kumi na nne, familia mtu mmoja, mbona ili apewe kopo la unga lazima ajulikane hadi mlango anaolalia, ila kuingia kwenye huruma ya milele latosha jina Nduwayo, Nduwayo yupi, huko kwao ukiliita wanageuka saba. Kule kambini Bibi Marcelina alikuwa ameleta majina ya wafu wake sita, hajui kusoma, alikaa chini akamtazama mkono hadi wa sita, na kila Calixte akimaliza jina alimsukuma kwa kidole. "Andika na mlima, mwana wanje," alimwambia kama mwanawe, "Mungu asije akaletewa mwingine." Nenda basi kamwambie Marcelina kuhusu kifungu... kijiko kiligonga kikombe, Bwana Erasto alikuwa anasema kitu, kwamba yeye si mtu mbaya, kwamba naye ana mkubwa wake, kwamba kama ni uzito wa kuanza, kuna njia. "Anza na mlima wa kwako, mwalimu," alisema. "Ukishafuta wa kwako, ya wenzako itakuwa myepesi." Ushauri mzuri, wa mtu wa kwaya, na Calixte akalifungua daftari mwanzo ili asionekane mkaidi, akaanza kuutafuta mlima wake, Rusabo, ukurasa wa kwanza hakuna, wa tatu hakuna, akalamba kidole, wa tisa, wa kumi na mbili, kana kwamba hajui, kana kwamba si yeye aliyeandika kila mstari, hadi jalada la nyuma lenye jedwali la kuzidisha... Rusabo haukuwamo. Milima arobaini na mmoja aliyokuwa tayari kuigombea hadi jioni, na wake haukuwamo. Siku ile ya tisini na tatu moshi ulikuwa ng'ambo ya bonde, wauaji wamekwisha kufika kwenye migomba ya chini, mbio, na yeye akasema daftari langu, mara moja tu, hakumtuma mtu, alisema tu, nyimbo kumi na moja alizomtungia Mungu, ziko juu ya boriti ya nyumba, na mdogo wake akacheka, "Mukuru wanje, kaka yangu, ningoje hapa," akarudi nyumbani, na Calixte akangoja mpaka kungoja kukageuka kukimbia, hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona mzima, kwa hiyo hamwandiki, sala ya marehemu ni ya marehemu waliothibitika, ndivyo alivyomjibu hata Marcelina alipomuuliza una nani wewe, kanuni ni kanuni, mama... kanuni. Alitaka kucheka. Kumbe naye alikuwa na mwongozo wake ukutani, miaka mitano anamkalisha ndugu yake kwenye benchi, lete uthibitisho, njoo kesho, na kila mara anapomaliza jina la mtu mwingine anajiona mcha Mungu, hali lile alilotaka kumwambia Mungu ni moja tu na hajaliandika popote, kwamba ulizihitaji kiasi hicho, nyimbo zile, kiasi hicho? Basi. Limesemwa. Si kwa kinywa, lakini limesemwa, na dari haikuanguka, inzi katua ukingoni mwa kikombe cha Bwana Erasto, muhuri uko palepale juu ya kidau chake cha wino, mkavu, na milima yote arobaini na mmoja ingali haijafutwa, na Melania bado anangoja... chini ya jina la mia mbili na kumi na mbili palikuwa na mstari mmoja mtupu. Salamu Maria, akaanza, na midomo ikasogea, kidogo, kama mlango uliovimba kwa mvua, akaimaliza yote, hakuna aliyemkatiza, kisha akaishusha kalamu.

"Naona umeanza, mwalimu," alisema Bwana Erasto bila kuinua macho.

"Nimeanza," akasema Calixte, akaandika jina la mdogo wake, Nduwayo, na pembeni, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu wa muhuri angezisoma toka mezani, mlima wao, Rusabo.