Boti Nyeupe na Bati za Viazi

Luqmani aliniletea vijitabu vitatu vya picha za bahari, akavibwaga juu ya meza yangu, akataka nimchagulie safari ya fungate yake na Safina. Mimi, niliyekuwa nimekaa eda ya talaka aliyonipa yeye mwenyewe! Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini kuletewa tusi mezani kama chai, hiyo ndiyo mara ya kwanza.

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Hivi ni Kiingereza kitupu. Nisomee, uniambie ipi nzuri."

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Miaka ile serikali ilikuwa imefungulia biashara, kila mwenye mtaji anajiita mwagizaji, na kampuni moja ya Dar iliyoleta matairi kutoka nje ilitaka kumfurahisha mteja wake mkubwa wa nyanda za juu. Mteja huyo ndiye Luqmani, mwenye malori. Wakampa safari ya watu wawili: kuishi ndani ya boti, kula humo, kulala humo, na kila siku kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, huko kwenye visiwa vya matumbawe vilivyojipinda kama pete katikati ya bahari kuu. Boti zilikuwa tatu, achague moja. Mtu amekulia kwenye vumbi na upepo wa Makambako, maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya beseni.

Ningeweza kuviwashia moto vile vijitabu. Lakini nilikuwa na nyumba yangu ya kufikiria, na hasira iliyokuwa inataka kazi.

Nyumba ile kuta alijenga yeye, kuezeka nikaezeka mimi. Nilianza kununua viazi Njombe na kuvipeleka Dar wakati yeye bado ni dereva wa lori la mtu. Kila lori lililorudi nililipakia bati, zile nene za geji kubwa, kidogo kidogo mpaka zikatosha nyumba nzima. Mbao za kenchi nilinunua mimi, na milango na madirisha pia. Luqmani alipokuwa na wageni alipenda kuwaonyesha juu na kusema, "Hizo ni bati za viazi," kisha anacheka. Nami nilikuwa nacheka naye, mjinga mimi.

Siku ya talaka, mbele ya kaka yangu na Sheikh Abdulatif, nilisema katika nyumba ile kuna jasho langu. Luqmani akapandisha mabega.

"Kiwanja changu, kuta zangu. Alichonunua yeye abebe chote, hata bati zake za viazi akitaka! Eda akae humu, mimi nahama; ikiisha, nikirudi nisimkute. Hapo ataingia Safina."

Rafiki aliokuja nao wakaangua kicheko. Sheikh hakucheka. Akamuuliza, "Umesema abebe chote?" Luqmani akajibu ndiyo, tena kwa sauti.

Neno hilo nililimeza nikalitunza. Eda yangu ingeisha Novemba, wakati yeye na Safina wako safarini. Shida ilikuwa simu tu. Ofisi yake pale stendi ya Makambako ilikuwa na simu, na dereva wake yeyote akiona fundi amepanda juu ya paa langu angempigia hapo hapo, naye angeagiza polisi wanisimamishe. Nilimtaka awe mahali ambapo simu haimfikii.

Basi nikakaa nikamsomea. Sikuongeza neno, sikupunguza neno. Boti ya bluu ilikuwa inazunguka visiwa vya karibu, na kila jioni inatia nanga penye hoteli na simu, anayechoka anashuka. Ya kijani inagusa bandari kila baada ya siku chache. Nyeupe inakwenda visiwa vya mwisho kabisa, inavuka bahari yenye mawimbi mabaya, na kwa siku kumi nzima haishiki nchi kavu. Simu haina. Redio ni ya nahodha, ya mtu aliye karibu kufa tu.

Nilimjua Luqmani kama ninavyojua jiko langu. Kwa miaka ya karibuni nikimshauri Iringa anakwenda Songea. Nikimwambia mvua inakuja, anaanika. Kufuata neno la mke alikuona kama kuvuliwa kofia hadharani.

"Chukua ya bluu," nikamwambia, tena kwa huruma ya kweli. "Wewe ukikaa kiti cha nyuma tu kwenye gari unatapika. Hiyo nyeupe itakutesa. Na Safina utamchosha."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, akatabasamu. Nikajua amenasa.

"Wivu huo, Rehana. Unataka mke wangu aishie visiwa vya karibu, vya watu wa kawaida? Nyeupe!"

"Kuna jambo jingine. Wameandika mtu mwenye mafua asizame, masikio yataumia. Na wewe mafua hayajakutoka tangu Juni."

"Wazungu wanapenda kutisha watu."

Onyo lile nilimsomea mara mbili. Nilitaka kumkomoa, sikutaka afe. Alipopuuza mara ya pili, moyo wangu ukatulia.

Wakaondoka, Safina na miwani yake mipya ya jua. Eda ilipoisha nilioga, nikavaa vizuri, nikaagiza Hosea aitwe kutoka Njombe. Hosea ndiye aliyeezeka nyumba ile. Alifika na mafundi wake, akanikuta nimesimama uani.

"Kamwene, mama," akanisalimu.

"Kamwene. Hosea, zile bati ulizipigilia wewe. Sasa zing'oe."

Akatazama juu, akanitazama mimi. "Mwenye nyumba je?"

"Mwenye kuta hayupo. Mwenye bati ndiye mimi. Kamuulize Sheikh."

Akaenda kweli, akarudi anacheka chini chini, akatafuta ngazi. Bati zikashuka, kenchi zikashuka, milango ikatoka na fremu zake, madirisha yakatoka na nondo zake. Majirani walijaa kama kwenye harusi. Dereva mmoja wa Luqmani alikimbia ofisini kupiga simu, akapiga mpaka akachoka, akarudi kuangalia na wenzake. Makochi ya Luqmani sikuyagusa, wala kitanda kipya alichokuwa amemletea Safina. Si vyangu. Niliviacha palepale sebuleni na chumbani, vimepangwa vizuri, vimefutwa vumbi, vikitazama mbingu.

Fuso la kukodi likabeba kila kitu mpaka Njombe, kwenye kiwanja changu ambapo nilikuwa na ghala la viazi, na Hosea akaligeuza nyumba kwa bati na milango ile. Mvua za Novemba zikaanza siku mbili kabla ya Luqmani kurudi. Nilikaa chini ya bati zangu mpya za zamani, nikafikiria yale makochi, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.

Alinifuata mwenyewe, mchana, mvua inamwagika. Alikuwa amekonda, na sikio moja amelitia pamba. Alizama siku ya kwanza na mafua yake, sikio likapasuka, na siku zote zilizobaki alilala kwenye sakafu ya boti akitapika, akimwomba nahodha ageuze. Nahodha hakugeuza. Hayo alinisimulia Safina baadaye, aliyekuwa amerudi kwa mama yake.

"Rehana, umeniulia nyumba!" akapiga kelele kutoka barabarani.

"Nimebeba nilichonunua. Ulisema mbele ya Sheikh."

"Na ile boti! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia uchukue ya bluu."

Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye viatu. Akasogea akaingia barazani, akainua macho juu, akazitambua zile bati.

"Nisubiri mvua ikatike tu," akasema taratibu. "Halafu nitakwenda."

Sikumpa kiti. "Simama hapo hapo," nikamwambia. "Bati za viazi hazivuji."

Hakusikia. Akageuza lile sikio zima, akaniinamia kama mtoto anayeuliza njia, na mimi nikamwambia tena polepole, neno kwa neno.