Mti Uliofuata Udongo Wake

Ndoto iliponikuta usiku wa jana, mti wangu ulikuwa umeshavuka kizingiti na unateremka ngazi, chungu chake umekivaa mguuni kama kiatu cha kuazima.

Ni mti mfupi, haunifikii gotini, lakini ni mkongwe kuliko mimi. Niliuchimbua wiki tatu zilizopita kwenye ufa wa jiwe, kilimani huku nyuma ya Mpwapwa, nikitaka kuulea chunguni kama ile miti midogo wanayoiita bonsai. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuhama. Nilitaka kitu kimoja kikongwe kinachobebeka. Na kwa kuwa nimezoea kubeba kidogo, niliukata mzizi mkubwa na kuukung'uta udongo wote, mfuko uwe mwepesi. Siku ya nne majani yakapukutika. Jina lake sikulijua.

"Unakwenda wapi?" nauuliza.

"Kuufuata udongo wangu," unajibu bila kugeuka. "Wewe si kesho unakwenda Tunduru? Kila mtu na njia yake."

Ni kweli. Begi langu lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango.

Langoni yupo Mama Chilongani, jirani yangu anayeuza miche, amepanda kopo lake la kumwagilia kama punda.

"Mzee Ndahani, mgonjwa wako anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Mmelala nyumba moja wiki tatu hujamuuliza jina? Hata mpangaji huulizwa."

"Nilidhani wewe utamtambua."

"Kwa lipi? Hana hata jani. Mimi mwenyewe ukiniondoa kichwa wateja hawatanijua. Mpeleke zahanati. Ila bila jina hapewi dawa, nakwambia mapema."

Ngazi zinaishia ndani ya zahanati. Mganga ni kichuguu, kimekaa kitini, mchwa wanaingia na kutoka wakiwa na kalamu.

"Jani?"

Ninalo moja, limekauka, mfukoni mwa shati. Kichuguu kinalifikicha kidogo na kulinusa. "Linanuka tumbaku. Hiyo ni harufu yako, si yake." Kinanirudishia.

"Utomvu?"

Mti unajikaza. Hakitoki kitu. "Samahani," unasema.

"Basi tukwangue."

Ndivyo alivyonifundisha Mama Chilongani: kwangua gome kwa kucha, ukiona kijani mti u hai, ukiona kahawia usijisumbue. Kichuguu kinakwangua tawini. Kahawia. Katikati ya shina. Kahawia. Chini kabisa, karibu na udongo, kuna uzi mmoja wa kijani, mwembamba kama wa kushonea kifungo.

"Yupo," kinaandika. "Lakini ameanza kufunga duka. Sasa mlezi."

"Mimi siumwi."

"Ni utaratibu. Kunja suruali."

Kinanikwangua kwenye muundi. Kahawia. Kinapanda juu kidogo. Kahawia.

"Umehamishwa mara ngapi?"

"Sikuhamishwa. Nilihama." Ninavitaja vituo vyangu: Kilosa, Mbulu, Tunduma, Kilwa, na vingine ambavyo majina yake yamenitoka.

"Na udongo ulibeba?"

"Nilibeba begi."

Kichuguu kinaacha kuandika. Mchwa wote wanasimama pale pale walipo, kama watu barabarani msiba unapopita.

"Dawa ni moja," kinasema baadaye. "Kivuli. Maji kidogo. Asipogolewe, asifungwe waya, asigeuzwe. Mvua zije ziishe, na kiangazi chake kiishe. Na mlezi awepo."

"Mbolea?"

"Mtu yuko mahututi, wewe unampakulia pilau?"

"Nikimwacha kwa Mama Chilongani je?"

"Atakufa Jumapili."

Kinasema hivyo kama mtu anayetaja siku ya gulio.

"Na jina?"

"Kamuulize aliyekuwa akikaa kivulini mwake."

Nageuka, zahanati imekuwa lile jiwe. Jua ni la saa saba. Ule ufa uko wazi kama pengo la jino. Pimbi kumi na mmoja, vinyama vya majabalini, wamekaa kwa safu juani, mahali kivuli kilipokuwa, wamekodoa macho. Mkubwa wao ananiamkia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa. Nimekuja kuuliza jina la mti."

"La kitabuni hatulijui. Sisi tulimwita Saa Saba, maana ndiyo saa tuliyomhitaji. Sasa hatumwiti."

"Nikimrudisha?"

"Kwa mzizi upi? Ule ulioshika jiwe uliukata wewe."

Mti umeshafika, unajaribu kuingiza mguu kwenye ufa. Chungu hakiingii. Unajaribu mara tatu, kisha unakaa chini karibu na pimbi, nao wanasogea kuupa nafasi, ingawa kivuli hauna.

Pimbi mkubwa anachota udongo ufani kwa kiganja chake kidogo, anautia mfukoni mwa shati langu na kulichukua lile jani. "Mpe huu. Ukiondoka kabla hajatoa jani lake, nitakuja kuuchukua."

"Mpaka Tunduru?"

"Popote. Sisi hatuna tena pa kukaa."

Nikaamka. Kulikuwa kunapambazuka. Mti ulikuwa barazani, ndani ya chungu chake. Shati langu lilikuwa msumarini. Nikatia mkono mfukoni: jani halimo. Kuna udongo wa kijivu, wenye changarawe, unaojaa kijiko cha chai.

Basi langu la saa kumi na mbili lilipiga honi stendi nami nimeshika kijiko.

Sasa ni saa nane mchana. Udongo nimeutia mizizini. Mama Chilongani amepita, amekwangua shina chini kabisa, akaniambia uzi upo, lakini yeye asingeapa; kisha akaenda zake kwenye miche. Mti uko kivulini, hauna jani, na jina la kitabuni halijapatikana, kwa kuwa jani ndilo linalosubiriwa. Begi nimelifungua. Muundi wangu una mikwaruzo miwili isiyotoa damu. Rangi ya ndani sijaitazama. Pimbi wako juani.