Tezi Chini ya Sikio

Ng'ombe wetu wa kienyeji hampi mtu maziwa. Anampa ndama wake, na mtu anaiba katikati. Ndama akivuta kidogo maziwa yanashuka, unamsogeza pembeni, unakamua. Ndama akifa, ng'ombe anafunga maziwa. Kwa hiyo ndama wa Kaniki, ng'ombe wetu wa maziwa, alipovimba tezi chini ya sikio, mimi sikumwona ndama peke yake. Nilimwona Peniel, mtoto mchanga wa marehemu dada yangu Winfrida. Mama yake tulishamzika, na sasa Peniel hakuwa na kitu cha kumeza ila maziwa ya Kaniki, tukiyachemsha na maji.

Jirani zetu hapa Ihanja walitusaidia maziwa mpaka kiangazi kilipokaza na ng'ombe wao kupelekwa malishoni mbali. Tukabaki na Kaniki zizini, anakula mabua ya mtama.

Uvimbe wenyewe niliambiwa utakuja. Bwana mifugo, Daktari Chediel, alikuwa amemchanja ndama dhidi ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe, sindano mbili kwa mpigo. Mimi ndiye niliyemshika kichwa, nikauliza kwa nini mbili.

"Hii ina ugonjwa wenyewe, mzima mzima," akasema.

"Unampa ugonjwa?"

"Nampa mwalimu. Hii ya pili inampunguza mwalimu ukali, asije akamuua mwanafunzi." Akacheka peke yake.

Alipoona nasikiliza, akanieleza taratibu. Kidudu cha ndigana hakipigani nje kama wezi wengine. Kupe akimuuma ng'ombe, kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili tuliowasoma darasani, na kinakaa humo humo. Askari akishaingiliwa anazaana ovyo, na kila anapojigawa, kidudu nacho kinagawanyika pamoja naye. Tezi zinajaa askari waliogeuzwa. Mwili ukipata muda, wanatokea askari wengine wanaojifunza kumtambua mwenzao aliyegeuzwa, wanamuua na mgeni wake ndani.

"Usipopata muda?" nikauliza.

"Basi ng'ombe anakufa na jeshi lake limejaa tele. Huyu atavimba kidogo, ndiyo anasoma. Msimguse. Akiacha kunyonya, nipigieni."

Nikawa namtazama kila asubuhi. Nilishika masikio kupima joto, nikamwangalia anavyofuata titi. Tezi ilikuwa imevimba, lakini mkia ulikuwa unachezacheza akinyonya.

Baba yangu, Mzee Gaspari, alipouona uvimbe aliulizia chuma.

"Tezi inachomwa," akasema. "Babu yako alichoma, mimi nimechoma. Ugonjwa unatoka na moshi."

"Na mliowachoma walipona, baba?"

"Wengine."

"Wengine wangapi?"

"Tazama huyu! Umeishia la saba unanisahihishia hesabu?"

"Ananyonya, baba. Daktari amesema tusimguse."

"Daktari analala kwake. Mtoto analia kwangu."

Nikamwomba angoje tu, akaguna, nikadhani amekubali.

Kesho yake nilikwenda kuchota maji mtoni, kwenye mashimo ya mchanga. Maji yanatoka polepole, na foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, harufu ya manyoya yaliyoungua ilinipokea kabla sijafika uani. Ndama alikuwa amelala amefungwa miguu, kachomwa chini ya masikio yote mawili na mbele ya mabega. Mundu ulikuwa bado motoni. Baba alikuwa amekaa chini, Peniel begani kwake.

"Nimeshindwa kukaa tu," akasema.

Tangu hapo ndama hakuweza kunyoosha shingo. Nilimpandisha kwa mikono mpaka kwenye kiwele, akashika titi, akaliachia. Inzi wakajaa kwenye vidonda. Masikio yakawaka. Nikampigia Daktari Chediel, akasema yuko msibani Kilimatinde, atakuja akimaliza kuzika.

Alipofika na pikipiki yake nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anamtazama ndama.

"Nani kachoma?"

"Mimi," baba akasema.

Daktari alichuchumaa, akapapasa shingo. "Mzee wangu, huyu alikuwa anapigana ndani. Sasa ana majeraha nje ya kushughulikia, na hanyonyi. Mwenye njaa hapigani."

"Bila moto angepona?" baba akauliza.

"Labda. Wapo wanaozidiwa hata na chanjo. Ila nafasi alikuwa nayo."

Akamdunga dawa ya ndigana, akasema imechelewa kidogo lakini tusikate tamaa. Mimi niliona pua. Povu jeupe lilikuwa limeanza kutoka. Kufikia adhuhuri ndama alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, halafu akaacha.

Kaniki alimnusa, akalia. Peniel naye alikuwa analia, ile sauti ya kukwaruza ya mtoto aliyechoka. Nilipeleka mkono kwenye kiwele. Kilikuwa kimejaa. Nikavuta, nikavuta. Hakuna. Kaniki akanipiga teke.

Baba akachukua kisu. Alimchuna ndama haraka. Nilijua anachofanya: wazee humwekea ng'ombe ngozi ya ndama juu ya kigogo, wanaipaka chumvi, anailamba, anadanganyika. Kaniki aliisukuma ngozi kwa pua, akageuza kichwa. Kigogo hakipumui.

Ndipo baba, mtu mzima anayeamkiwa na kijiji kizima, akavua shati. Akajifunika ile ngozi mbichi mgongoni, chumvi na damu, akapiga magoti chini ya ng'ombe, akaanza kukigonga kiwele kwa kichwa kama ndama anavyogonga.

"Baba, atakukanyaga."

"Kamua."

Kaniki alisimama akinusa. Kisha akatoa ulimi, akailamba ngozi, na shingo ya baba pamoja nayo. Nikavuta titi. Tone moja. Nikavuta tena, ukashuka mkondo mwembamba, ukapiga ndani ya kibuyu.

"Yanakuja?" baba akauliza kutoka chini.

"Kidogo."

"Basi usizungumze," akasema, akaendelea kugonga.