Faili la Mwongeli, Tumbo la Munyao

Asubuhi ya kliniki Mwongeli alipanga mkoba wake jinsi alivyoupanga kila mara: karatasi za choo chini, juu yake sketi ya pili, leso, mfuko wa kutia nguo zikichafuka, na chupa ya maji ambayo hangeigusa mpaka wafike. Hakula kitu. Akila, safari humshinda. Mumewe, Munyao, alikuwa amezima pampu ya kunyweshea bamia kule mtoni Kibwezi, akanawa matope miguuni, na sasa alikuwa amesimama uani akimsubiri atoke chooni.

"Mama Mbinya, basi litatuacha."

"Lituache," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mimi sitoki kabla tumbo halijaniruhusu."

Ugonjwa wake uliitwa Crohn, jina la daktari fulani wa zamani, na kazi yake ni kuuwasha utumbo na kuutoboa vidonda. Mwongeli alikuwa nao tangu bintiye Mbinya alipoanza shule. Kamera ilikuwa imeingizwa, ikaviona vidonda. Vidonge vya kwanza vilimvimbisha uso ukawa kama mwezi, ugonjwa usitikisike. Vya pili vilimpunguzia damu mpaka akaanguka sokoni. Ikabaki sindano, dawa mpya inayotengenezwa kutokana na chembe hai, ambayo haikuuzwa Kibwezi, na hata ingeuzwa, mkulima wa bamia angeitazama tu. Hospitali ya rufaa ilikuwa na friji yake, na jopo la kuamua nani achomwe. Jopo lilitaka kamera iwe imeuona ugonjwa, dawa za kwanza ziwe zimeshindwa, kifua kiwe hakina TB hata ile iliyolala. Yote hayo Mwongeli alikuwa nayo. Lilitaka pia, siku ya kupimwa, ugonjwa uonekane mkali mwilini mwa mgonjwa. Sharti hilo halikumtia mtu wasiwasi.

Daktari wake, Ismahan, mwenyeji wa Garissa aliyesalimia wagonjwa kwa Kikamba na kuendelea kwa Kiswahili, alikuwa amemvuta Munyao kando akamwambia ukweli. Utumbo ukiachwa hivi hutoboka, na ukitobokea Kibwezi, hapa ni mbali. Tangu siku hiyo Munyao hulala akisikiliza mkewe anavyopumua.

Walifika hospitalini kabla ya jua kukolea. Langoni, askari alipokuwa akipekua mkoba, Mwongeli alisimama ghafla, akaweka kiganja kitovuni.

"Umetoka," akasema.

"Nini kimetoka?"

"Ugonjwa. Umetoka sasa hivi."

Munyao alifungua kinywa amuulize umekwenda wapi, lakini hakuhitaji kuuliza. Kitu kilimshika chini ya mbavu, kikamkamua kama nguo iliyolowa, kikalegeza kidogo, kikakamua tena. Jasho baridi likamtoka mgongoni. Akamtazama mkewe, na Mwongeli, ambaye alivijua vyoo vyote vya njia hiyo, akanyoosha kidole.

"Pale nyuma ya famasia. Mlango wa pili ndio unaofungika. Chukua karatasi."

Aliporudi, muuguzi aitwaye Muthoki alimsogezea nafasi kwenye benchi. Alimwangalia uso, akamwangalia Mwongeli aliyekaa wima amepata rangi, akaelewa.

"Hii huhama," akasema. "Mwezi jana ilimhama mama ikaingia kwa binti yake. Kaa karibu na mlango, baba."

Jopo lilimpima Mwongeli. Walibonyeza tumbo, likawa laini. Walichukua damu, ikawa safi. Walimuuliza anakwenda choo mara ngapi, naye, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo, akajibu kwamba tangu aingie langoni hajasikia haja. Wakampongeza. Wakaandika kwamba anaendelea vizuri, arudi baada ya miezi mitatu.

Daktari Ismahan alimkuta Munyao amejikunja kwenye benchi, akamwingiza chumbani mwake na kumlaza. Alimgusa tumbo upande wa kulia, chini, na mkono ukasimama hapo.

"Ni ule ule," akasema. "Nimeushika kwa mkeo mara nyingi, naujua."

"Basi nichomeni mimi, daktari. Si mmeuona?"

"Nimeuona. Lakini wewe huna faili hapa. Kamera haijakuingia. Dawa za kwanza hazijakushinda."

"Zimemshinda yeye."

"Najua, baba. Najua kabisa."

Jioni walipotoka langoni ugonjwa ulimwacha Munyao. Uliondoka kama mzigo unaoteremshwa kichwani, na raha iliyomwingia ilikuwa tamu kiasi kwamba alicheka peke yake. Kisha akageuka. Mwongeli alikuwa ameinama, ameushika mkoba kwa mikono miwili, midomo imekauka.

Munyao aliona aibu ambayo hakuweza kumwambia mtu. Alikumbuka harusi ambazo mkewe alikataa kwenda, naye akamwita mvivu, na Jumapili alizoinuka katikati ya mahubiri, yeye akabaki akitazama sakafu kwa hasira kwa sababu watu waligeuza shingo. Kumbe hiki ndicho mkewe alichokuwa nacho. Na pamoja na aibu hiyo kulikuwa na hofu. Alianza kuliogopa lile lango jinsi mtu anavyoogopa njia yenye mbwa aliyewahi kumuuma. Usiku alimwota askari akipekua mkoba.

Ni Mwongeli aliyefikiria kwamba safari ijayo aende peke yake.

"Ukikosa kuwa karibu, ugonjwa hautakuwa na pa kwenda," alisema. "Utabaki kwangu, nao watauona."

Munyao alikubali haraka mno, na wote wawili waligundua hivyo.

Siku hiyo alikwenda mtoni asubuhi, akawasha pampu, akafungua maji mfereji baada ya mfereji. Alijiambia kazi itamsahaulisha. Ndege walikuwa kwenye bamia, malori yakinguruma kwa mbali kwenye barabara ya Mombasa. Jua lilikuwa limepanda aliposikia mkono ukimshika chini ya mbavu.

Alijua papo hapo. Aliacha jembe, akapiga magoti kwenye tope, akajikunja ubavu katikati ya mistari ya bamia huku maji yakimpita. Alilia, ila si kwa maumivu. Alilia kwa kuwa dakika ile ile, mbali kule, kuna mkono uliokuwa ukibonyeza tumbo la Mwongeli na kulikuta laini. Alijaribu kuufukuza. Aliusihi, akaita jina la Yesu, akaubana kwa ngumi. Ulikaa mpaka alasiri, kisha ukaondoka bila haraka, naye akajua mkewe ametoka langoni.

Mwongeli alifika nyumbani giza likianza, akaketi kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Wamesema niko sawa," akasema.

"Najua."

"Ulikufuata huku?"

"Ulinikuta shambani."

Mwongeli akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa amekonda kiasi kwamba pete ilikuwa imefungwa uzi isianguke.

Mara ya tatu walikwenda pamoja, na Munyao alikuwa na la kusema. Alikuwa amelifikiria kanisani, siku mchungaji alipokuwa akifungisha vijana ndoa. Alimwambia daktari Ismahan, akiwa amelala kwenye kitanda cha kupimia ameushika ukingo kwa nguvu: "Sisi tulifungishwa ndoa. Tuliambiwa ni mwili mmoja. Huo mwili mmoja una faili, na una ugonjwa. Waambie hivyo."

Daktari hakucheka. Alisimama akaenda kwa jopo, akawaita wote wawili waje nyuma yake. Wanajopo walikuwa watu wa heshima. Walimpa Munyao kiti cha karibu na mlango na wakaamuru Mwongeli aletewe chai. Daktari Ismahan alieleza habari yote tangu mwanzo, sauti yake ikiwa tulivu, isipokuwa mwishoni.

"Kati yao wawili," akasema, "wametimiza masharti yote. Hakuna hata moja lililobaki."

Mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliivaa akayasoma masharti tena.

"Ni kweli," akasema. "Hilo tunalikubali na liandikwe. Lakini masharti yanasema mgonjwa. Hayasemi wagonjwa."

"Basi nianze mimi dawa za kwanza," Munyao akasema kwa shida. "Zinishinde."

"Siku za kawaida, nyumbani, unaumwa?"

"Siumwi. Huwa anaumwa yeye."

"Hakuna daktari atakayemwandikia mtu asiyeumwa dawa zile. Zitakudhuru."

Mwenyekiti alisema hivyo kwa upole, na pengine alimhurumia kweli. Mwongeli alimaliza chai, akashukuru, akamshika mumewe kwapani wakatoka. Kwenye ukumbi walipita friji yenye mlango wa kioo. Visanduku vya dawa vilikuwa vimepangwa ndani, vyeupe, vikingojea watu ambao ugonjwa wao haukuhama. Munyao aligundua kwamba hana nguvu za kukasirika. Alikuwa akihesabu hatua za kufika mlango unaofungika.

Baada ya hapo waliendelea kwenda, hata pasipo siku ya kliniki. Wazo lilikuwa la Munyao, ijapokuwa hofu ilimwanza tangu jana yake. Bamia zikivunwa na kuuzwa, humwambia mkewe: "Mama Mbinya, kesho tukupumzishe." Wakavuka lango, ugonjwa ukamhamia Munyao. Yeye akaenda nyuma ya famasia. Mwongeli akaenda kwenye mkahawa wa hospitali, akaagiza sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, chakula ambacho Kibwezi kingemuua, akala polepole, punje kwa punje, akiangalia watu wakipita. Baadaye alilala usingizi kwenye nyasi, kivulini, leso usoni. Wauguzi waliwazoea. Muthoki alikuwa akimpelekea Munyao maji yenye chumvi na sukari mpaka mlangoni, akibisha, akiyaweka chini. Mara kwa mara sauti ya kuwaita waliokubaliwa na jopo ilisikika kutoka ukumbini, na Mwongeli, hata akiwa usingizini, husikiliza majina yote mpaka mwisho.

Safari moja, jua likiwa limeanza kulegea, walitoka kama kawaida. Munyao alisubiri ule mzigo uteremke. Uliteremka, lakini si kwa raha ile ya kucheka. Alisimama kidogo akaupapasa ubavu wake. Chini, upande wa kulia, kulikuwa na kitu kilichobaki, kimetulia, kama mgeni aliyeamua kulala.

"Umekurudia?" akauliza.

Mwongeli alijisikiliza, kiganja kikiwa kitovuni.

"Umerudi," akasema. "Lakini leo ni mwepesi. Sijui kwa nini. Karibu nusu." Uso wake ulikuwa na kitu kilichofanana na tumaini. "Labda unapona, Baba Mbinya."

"Labda," Munyao akasema.

Akauchukua mkoba kutoka mkononi mwake, akautia begani, na katika kuutia akapitisha vidole ndani kuhakikisha kwamba karatasi zilizobaki zitawatosha wote wawili mpaka nyumbani.